Karatasi ya Kijerumani

Nyakabiga, Bujumbura, siku ya thelathini na tisa

Fundi Rajabu,

Kwanza ujue kwamba taa inawaka. Najua hilo ndilo ungeuliza kabla ya salamu, kwa hiyo nalitanguliza. Inawaka ndani ya gari-nyumba, juu ya jiko, pale pale ulipoweka alama ya chaki. Mkeo, Mama Zaina, anasema inamulika hadi chini ya kitanda, ambako ameona vitu ambavyo angependa asivione. Mfungo unaanza wiki ijayo. Atapika daku ndani bila mshumaa, kama ulivyotaka, na hakuna mwanajeshi atakayemfokea kwa ajili ya moto wa nje usiku.

Sasa salamu. Mimi mzima. Nakuandikia wewe ambaye hukuwahi kusoma barua hata moja bila mimi, na najua ni jambo la kuchekesha. Hii nayo nitakuja kukusomea mwenyewe, nikipata saa ambayo watu hawapiti makaburini wakamwona mtu mzima anazungumza na udongo.

Bado sijaelewa, Fundi. Siku thelathini na tisa, na kila asubuhi nikiamka habari inanifikia upya, kana kwamba mtu ndiyo kwanza anabisha hodi kuniambia. Miaka yote hii ya vita tumezoea kupeana habari za vifo. Tunajua namna ya kuuliza: wapi, saa ngapi, alikuwa na nani. Wewe na mimi tumelala chini ya magari ya wateja risasi zikipita, wewe ukinilaumu kwamba nachukua nafasi kubwa. Bomu lilitoboa paa la nyumba yako siku mliyokwenda Ruziba kununua ndagala. Mkarudi, mkakuta chumba cha kulala kina mbingu. Ukasimama katikati ya matofali na kile kifurushi cha samaki mkononi, ukasema, "Huyu hakupewa adresi vizuri."

Halafu mtu huyo huyo anakufa kwa kuanguka kutoka kwenye gari lililosimama. Mchana, jua linawaka, na siku ile milimani hakukuwa na mlio hata mmoja. Mtu ungedhani pande zote mbili zinazopigana zimekaa kimya ili zisikilize.

Hakuna aliyeniamini. Kwenye kizuizi, tukiwa tumekulaza kwenye pikapu ya jirani, mwanajeshi aliinua shuka akauliza ni risasi au guruneti. Nikasema ameanguka. Akauliza kutoka wapi. Nikasema kutoka juu ya gari. Gari lilikuwa linakwenda wapi? Nikamwambia halikuwa linakwenda popote, lina miaka limesimama uani kwake Kanyosha. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeonyesha kitambulisho cha mwenzake.

"We muzee," akasema, "mutu hafi hivyo."

Na mimi ndivyo nilivyokuwa nikifikiri. Hata yule mzee aliyekuosha alitoka nje akaniuliza kwa sauti ya chini tundu liko wapi. Alikuwa amekugeuza mara mbili akilitafuta. Nikamwonyesha kwa kidole nyuma ya kichwa changu mwenyewe, pale ulipokutana na lile jiwe tuliloweka kuzuia gurudumu. Akatikisa kichwa, akarudi ndani, na sidhani kama alikubali. Makaburini walinipa kofia ya kuazima, ndogo, ikakaa kichwani kwangu kama kifuniko cha birika. Nikasimama pembeni, pale wanaposimama watu wa kanisani, nikaona unashushwa. Nilikuwa bado nangoja uniulize kama nimefunga boksi la bisibisi.

Hayo yote ni ya kuzunguka. Unanijua, napenda kuzunguka. Nimekaa hapa kwa sababu kesho ni arobaini yako, na Mama Zaina amenitaka nisimame mbele ya watu niwaeleze siku yako ya mwisho ilivyokuwa. "We ndiye ulikuwa naye," aliniambia. Na siku thelathini na nane nzima nimekuwa nikiwaeleza watu siku hiyo, kila anayeuliza, na sijaieleza kweli hata mara moja.

Unalikumbuka gari-nyumba lilivyokuja. Wale Wajerumani wawili, mtu na mkewe, wazee, wamechomwa na jua hadi wana rangi ya tofali, wanalishuka bara zima kama watu wanaokwenda sokoni. Injini ikawafia mlangoni kwako. Ulikuwa umeifungua yote, vipande vimepangwa juu ya turubai, vita vilipoanza. Walipanda ndege na mifuko miwili, wakakuachia ufunguo, wakakuonyesha kwa vidole kwamba watarudi. Na wewe ukaamini vidole. Kila mwaka uliliosha gari la watu. Bomu lilipochukua nyumba, ulikataa kuhamia ndani yake mpaka kwanza niwaandikie kuomba ruhusa. Nikaandika kwa Kifaransa, ukurasa mzima, nikaeleza bomu, nikaeleza ndagala. Hawakujibu. Ukasema mtu asiyejibu hakukataa, mkahamia.

Chini ya kitanda ndipo mlipokuta plake ya jua, lile bao la kioo linalogeuza jua kuwa umeme, imelala kwenye boksi lake kama siku iliyonunuliwa, na kijisanduku cheusi ambacho mimi, kwa kuwa nilikwisha kukiona kwenye jarida, nilikiita regilateri. Nikakueleza kwamba plake haiwezi kulisha betri moja kwa moja, kwamba lazima kiwepo kitu cha katikati cha kupima, kisimpe betri chakula kingi akavimba wala kidogo akafa. Ulipenda hilo. Ulisema ni kama Mama Zaina na sukari yako. Na ndani ya boksi ilikuwamo karatasi, imekunjwa mara nane, yote Kijerumani.

Fundi, hapa ndipo.

Wewe ndiwe uliyenipa jina la Profeseri. Mimi mtengeneza redio, mtu wa darasa la nne, niliyejifunza Kifaransa kwenye magazeti ya kufungia nyama, tena mara nyingi habari ikikatika mahali penye mafuta. Uliwatangazia watu wa mtaa mzima kwamba hakuna karatasi inayonishinda. Ukawaambia, "Huyu hata Kijerumani anasoma." Nilikuwa nimesimama hapo. Ningeweza kusema apana. Nilitabasamu, na tabasamu kama lile, ukishalitoa, halirudi mfukoni.

Basi asubuhi ile nikaikunjua karatasi juu ya kitanda, nikavaa miwani, nikasogeza midomo. Nilikuwa natafuta neno lolote linalofanana na Kifaransa. Nikalipata moja, *Batterie*, nikafurahi kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini. Wewe ukauliza inasemaje. Nami nikafikiri: huyu mtu amefunga waya za magari miaka thelathini, na kila siku anasema jambo lile lile kwa kila anayefanya kazi karibu naye. Ukianza kazi, betri toa kwanza. Ukimaliza, betri rudisha mwisho. Nikaona nikisema hivyo sitakosea, na tena utafurahi.

"Inasema kama unavyosema," nikakujibu. "Betri mwisho."

Ulifurahi kweli. Ukasema Wajerumani wana akili. Halafu ukainama juu ya karatasi, ukaweka kidole, kile chenye ukucha uliokufa, juu ya mchoro mdogo uliokuwa chini kabisa, ukasema, "Profeseri, mi sijui kusoma. Lakini hii moja hapa kwenye betri, inafanya nini?"

Nikasema ni namba ya mchoro tu. Nilisema haraka, bila hata kuinamia.

Tukafunga waya za plake kwanza. Saa sita, jua la Bujumbura lote limekaa juu ya paa. Kisha tukafunga za betri. Kijitaa cha regilateri kikawaka chekundu, kikapepesa mara tatu, kikazima. Uliponitazama nilikuwa nimekwisha kuikunjua ile karatasi tena na kuinua mbele ya uso. Nilisikia unavuta pumzi. Ukasema labda waya umelegea juu, ngoja upande uangalie kidogo. Nikasema eeh, lazima ni juu. Nilishukuru hata, kwa sababu ulikuwa unaniondokea.

Ukatoka. Nikasikia kandambili zako kwenye ngazi ya nyuma. Nikasikia bati la paa linalia chini ya uzito wako, hatua moja, mbili. Muda mfupi kabla tulikuwa tumeiosha plake pale juu ya paa kwa sabuni, na maji yale hatukuyafuta. Nilikuwa bado naangalia lile neno langu moja la Kijerumani. Sikusikia sauti yako. Nilisikia tu Mama Zaina, aliyekuwa mlangoni anachambua maharage, amemwaga ungo.

Siku ya tatu baada ya kukuzika nilirudi kwenye lile gari. Nilimwambia Mama Zaina nakuja kukusanya vifaa vyako. Karatasi ilikuwa bado juu ya kitanda, ina alama ya kidole chako, ya grisi, na alama ilikuwa juu ya namba. Sikuwa na cha kusoma, nikatazama. Kwa mara ya kwanza nikatazama picha. Betri, na pembeni mwake moja katika duara. Plake ya jua, mbili. Taa, tatu. Basi. Haihitaji Kijerumani. Haihitaji hata darasa la nne. Mtu ambaye hajawahi kushika kalamu anaweza kuisoma ile karatasi, na alikuwa ameisoma, na aliniuliza.

Nikafungua waya zote. Nikapanda nikafunika plake kwa kitenge ili isile jua, kisha nikashuka nikafunga betri. Kijitaa kikawaka kijani, kimetulia, kama kwamba hakijawahi kuona ugomvi. Kile kijisanduku kinataka kwanza kijue kinamlisha nani. Ukikipa jua kabla ya betri, kinachanganyikiwa. Nikafunga plake, nikafunga taa, nikaenda kuondoa kitenge. Haikuchukua muda wa kunywa chai. Waya za juu zilikuwa zimekaza, Fundi. Ulikuwa umezikaza wewe mwenyewe. Juu ya paa hakukuwa na ubovu wowote. Ubovu ulikuwa chini, umevaa miwani.

Mama Zaina aliona taa imewaka mchana, akaja akasimama mlangoni na ule mtandio wa matanga. Akaniuliza ubovu ulikuwa wapi.

Nikamwambia, "Juu. Kwenye waya wa juu."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya." Akarudi kwa wageni.

Tangu siku ile ndivyo nilivyowaambia wote. Watu wa msikitini, binti yako Zaina alipovuka kutoka Uvira, yule jirani wa pikapu. Kwamba ulipanda kwa sababu kulikuwa na ubovu juu, kwamba ulifikiri sawasawa, ulikufa kazini. Maneno mazuri. Watu walinipa mkono kwa sababu yake. Mimi ninayejidai kuwaona watu wote, kujua nani anadanganya bei na nani anadanganya umri, nilikaa katikati ya matanga yako nimebeba uongo kwa mikono miwili na hakuna aliyeniona. Ndivyo nilivyodhani.

Leo alasiri nikaenda Kanyosha. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama Zaina kabla sijasimama mbele ya watu, kwa kuwa siwezi kukuombea dua mahali ambapo nitakudanganyia. Nilimkuta anachambua maharage pale pale. Nikakaa kwenye ngazi. Nikaanza mbali, kwa Wajerumani. Akaniacha nizunguke mpaka nikachoka. Mwishoni nikalisema: kwamba mimi sijui Kijerumani, sijawahi kujua, kwamba nilibuni, kwamba ulipanda juu kutafuta kosa lililokuwa mikononi mwangu.

Hakuinua uso. Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa.

"Najua haujui," akasema. "Na yeye alijua."

Nikauliza alijua nini.

"Kwamba hausomi Kijerumani. Tangu zamani alijua. Alikuwa anasema, mwache Profeseri asome, inamfurahisha."

Nikadhani amemaliza, na hayo yalinitosha. Lakini alikuwa hajamaliza. Akasimamisha mikono juu ya ungo, akaniambia kwamba siku ile ulipotoka ndani ulipita karibu yake, ukainama kuvaa kandambili, ukamwambia kwa sauti ya chini ili nisisikie. Amerudia maneno yako kama yalivyo, na mimi nayaandika kama alivyoyarudia:

"Profeseri amechanganya waya. Mi napanda juu kidogo, abaki peke yake arekebishe. Nikibaki hapa naye ataona haya."

Rajabu.

Nimeyaandika na bado sijui nifanye nini nayo. Hukupanda kutafuta ubovu. Ulijua juu hakuna kitu. Ulipanda ili unipe nafasi, usinione nikikosea, na mimi ile nafasi uliyonipa niliitumia kuangalia neno moja. Kama ningeinama tu. Kama ningeita, "Fundi, shuka, mimi sijui." Maneno manne. Ungeshuka. Ungecheka mpaka Ramadhani, ungewaambia watu wa mtaa mzima, na ningevumilia.

Nilimuuliza Mama Zaina mbona alinyamaza siku zote hizi, na alijua tangu nilipomdanganya. Akasema alikuwa anangoja. Kwamba kama ningesimama kesho nikasema tena ni waya wa juu, angenipa chakula kama wageni wengine, na nisingevuka tena mlango wake. Alisema bila hasira, kama mtu anayekuambia saa. Kisha akanimiminia chai, akaweka tangawizi nyingi kama ulivyokuwa unapenda wewe, sio mimi, nikainywa yote.

Nilipoinuka akaniambia, "Kesho usiseme mengi, watu wana njaa."

Kwa hiyo kesho, Fundi. Nimeshaomba ile kofia ndogo tena. Nitasimama, na nitasema mbele ya imamu na mbele ya wote uliowaambia kwamba nasoma Kijerumani: mimi sisomi Kijerumani. Nitasema kwamba Rajabu aliiona namba na mimi sikuiona. Nitasema ulipanda kwa ajili ya nini. Watakaonicheka wanicheke, na wa kunichukia ni haki yao. Nimejizoeza hapa mezani mara tatu, na kila mara nimeanza na Wajerumani, nikajikatiza.

Na jambo jingine. Kabla sijaondoka leo nilichora kwa rangi, ndani ya mlango wa kabati lenye regilateri. Sikuandika neno hata moja. Betri na kijiti kimoja, plake na vijiti viwili, taa na vijiti vitatu. Mama Zaina akaangalia akasema betri yangu inafanana na sanduku la maiti. Nikaiongezea vichwa viwili vya kufungia waya, sasa inafanana na ng'ombe. Lakini inasomeka. Wale wazee wakirudi siku moja, wataona gari lao lilifungwa vizuri, na hawatahitaji mtu wa kuwasomea.

Plake inashika vumbi, hasa upepo ukitoka upande wa Ruziba. Nimemwahidi Mama Zaina, na sasa nakuahidi wewe, kwamba kila Ijumaa kabla ya adhuhuri nitakuja kuifuta. Nitatumia kitambaa kikavu. Nitapanda miguu mitupu. Na kila mtu atakayenipa karatasi nisiyoijua, nitamwambia siijui, hata kama ataniondolea jina ulilonipa.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Mola wako akupokee kwa ule upole uliompa mtu asiyestahili. Huna haja ya kunipisha tena. Leo nimepanda mwenyewe, nimeshika kila waya mmoja mmoja: juu hakuna ubovu.

Wako,
Deo